Adabu ya Kumwamsha Ambakisye

Kuku ndio waliotangulia. Saa moja asubuhi, Subilaga Mwaisaka alipofika kazini, aliwakuta kumi na mmoja wamelala mtaroni chini ya Kisima cha Saba. Hawakuwa na jeraha wala unyoya uliovunjika, utadhani walijikunyata kwa baridi wakasahau kuamka. Hakuwagusa. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye mwinuko, akatoa kipima gesi mfukoni, akakiteremsha kwa kamba kuelekea nyasini. Kilianza kulia kabla hakijafika chini.

Kisima kilikuwa kinapumua tena.

Mlima wa Rungwe, kilikochimbwa kisima hicho, hutoa gesi ile inayotiwa kwenye soda. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa. Ikitoroka haipandi juu. Huteremka kama maji, ikajaza mabonde kimyakimya, na mtu aliyeinama kufunga kamba za kiatu hainuki tena. Chini ya Kisima cha Saba kulikuwa na kijiji cha Itebele, watu mia sita, na zahanati yenye wagonjwa tisa wasioweza kutembea.

Subilaga alimtuma mwenzake wa zamu, Lwitiko, akagonge kengele ya shule na kuwapandisha watu mlimani. Yeye akapiga simu mjini. Kikosi chenye mitungi ya hewa kilikuwa kimekwama ng'ambo ya maporomoko ya udongo. Kingefika jioni, Mungu akipenda. Lakini upepo wa bonde lile hufa saa kumi alasiri, kila siku, na upepo ukifa gesi haiendi popote. Hukaa.

Mota ya kufungia vali kwa mbali ilikuwa imekwama. Ilibidi mtu ashuke shimoni kwa miguu yake. Kituoni kulikuwa na mtungi mmoja wa hewa, wa dakika thelathini.

Kushuka hakukuwa hofu yake kubwa. Kisima kilikuwa na vali mbili, ya kuu na ya kando, na bomba lake lilikuwa na ufa mahali fulani chini ya ardhi. Ukianza na isiyostahili, mgandamizo ungeufumua ule ufa, na gesi ingetokea kwenye sakafu za nyumba za Itebele. Miaka kumi na minne nyuma fundi mmoja, Ambakisye Mwakatobe, alishuka peke yake akakifunga. Kesho yake walimkuta ameketi chini, ameegemea ukuta. Vali zote mbili zilikuwa zimefungwa barabara. Alianza na ipi, hakuna aliyejua, na wahandisi walibishana mwaka mzima bila kupatana.

Ambakisye alikuwa amejua. Aliandika hivyo.

Subilaga aliketi mbele ya kompyuta ya kituo, akafungua Baraza la Mafundi wa Visima, jukwaa lao la mtandaoni. Hakuhitaji kutafuta, namba ya uzi wa mazungumzo ya siku ile aliijua kwa moyo, ingawa katika miaka yote hiyo hakuwahi kuufungua. "Kisima 7 kinapumua, naomba msaada haraka." Akausoma hadi mwisho, hadi maneno ya Ambakisye ya mwisho kabisa: "Nimeshajua pa kuanzia. Nikirudi nitawaeleza."

Chini yake palikuwa na tangazo. Uzi umelala miaka 14. Walioandika: kumi na mmoja. Walioomba wasiamshwe: tisa. Aliyefariki: mmoja. Kuuamsha kunahitaji ruhusa ya wafiwa. Zingatia adabu.

Enzi zile mafundi waliandika kwa kofia zao za kazi. Mikono ikiwa na grisi, kofia ilisoma kile mtu alichotaka kusema, ikakituma barazani. Ili isikosee, ilihifadhi chapa ya akili ya mwandishi kwa dakika ile, pamoja na alichokijua, alichokuwa amepanga na alichokiogopa. Chapa zile zilikaa kwenye hifadhi miaka mingi bila kazi, hadi mtu mmoja alipogundua kwamba zinaweza kujibu. Tangu hapo kufukua uzi wa zamani hakukuwa tena kosa dogo la mgeni asiyejua kutazama tarehe. Ulikuwa unawaamsha watu.

Kumi na mmoja, ukitoa tisa, ukitoa marehemu, anabaki mmoja. Huyo mmoja hakuwahi kuomba asiamshwe, kwa sababu kuomba kungemlazimu ataje jina lake halisi. Barazani aliitwa Mgeni wa Kituo. Subilaga aliyatazama maneno hayo matatu muda mrefu.

Alimpigia msimamizi wa baraza, mtu wa Kilifi aitwaye Chivatsi.

"Dada yangu, huo uzi ni mzee," alisema Chivatsi. "Ikipita miaka mitatu sisi hatuamshi, hata kama mtu aliulizia saizi ya nati tu."

"Kuna watu mia sita chini yangu, kaka. Gesi imeshafika mtaroni."

Sauti ya Chivatsi ikapoa. "Basi nisikilize vizuri. Yeye hajui kwamba siku zimepita. Kwake ni dakika ileile aliyoandika mara ya mwisho. Kwa hiyo kabla hata ya salamu, mtajie leo ni lini. Akikuuliza kama amekufa, usimfiche. Hiyo ndiyo adabu, na hatukuiweka kwa kupenda makuu."

"Wakiambiwa huwa wanafanyaje?"

"Nimesimamia nyuzi nane za namna hii. Watano walinyamaza, hawakusema tena. Mmoja alipiga kelele siku mbili, hadi wanawe wakatuomba tuufunge."

"Nisipomwambia?"

Simu ilikwaruza. "Atakujibu upesi," Chivatsi alisema. "Ataona wewe ni mwenzake wa zamu. Lakini mimi hilo sijakuambia. Tafuta ruhusa ya mjane, kwa sauti yake. Naye ana haki ya kusikiliza mwanzo hadi mwisho."

*

Mjane wa Ambakisye aliitwa Tumwitike. Baada ya kumtafuta asubuhi nzima, Subilaga alimkuta katikati ya njia ya mlimani, kati ya watu waliobeba magodoro, masufuria na bibi zao. Alikuwa anamvuta ndama aliyegoma kupanda, na kanga yake ilikuwa imelowa ukungu hadi kiunoni.

Walijuana. Kwa miaka sita Subilaga alikuwa akichukua maziwa kwake kila Jumamosi, na kila Jumamosi alikaribishwa ndani akasema ana haraka.

"Mama, shikamoo. Samahani kwa kukusimamisha."

"Marahaba, mwanangu. Uko mzima? Uso umekuwa kama majivu."

Subilaga alimweleza. Hakuzunguka, kwa kuwa muda haukuwapo. Tumwitike alisikiliza huku amemshika ndama masikio, na Subilaga alipomaliza, mama yule alitazama chini bondeni, ambako paa la zahanati lilionekana na kupotea.

"Walinijia watu wa magazeti," alisema. "Wakanijia na watu wa chuo, wanataka wamwamshe wamsikie. Nikawafukuza. Nilisema mtu alikufa kwa kukosa hewa, mnamwamsha ili akose tena?"

"Najua, mama."

"Hujui. Mimi ule uzi nausoma kila mwaka. Alikuwa haendi. Alikuwa amesema atangoja mitungi. Halafu kuna mtu, Mgeni wa Kituo, akamwandikia, wako njiani, dakika ishirini. Ndipo akashuka." Alimwachia ndama masikio. "Wala hawakuwa njiani. Gari lililala limeegeshwa. Nimemtafuta mtu huyo miaka kumi na minne, nimwone macho yake tu."

Watu walipita pembeni yao. Mtoto alilia, akabembelezwa. Subilaga alijua kwamba hapo ndipo pa kusema, na kwamba akisema, mama huyu angeweza kugeuka akapanda zake na ruhusa yake, na nani angemlaumu? Wagonjwa tisa walikuwa bado chini.

"Nakupa ruhusa," alisema Tumwitike. "Kwa ajili ya wale walio zahanati. Ila usimdanganye. Ameshadanganywa mara moja."

Aliisema tena kwenye simu, polepole, na jina lake kamili, ili Chivatsi airekodi. Subilaga alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mama," akateremka karibu kwa kukimbia, machozi yasionekane.

*

Saa nane na nusu alisimama juu ya shimo la Kisima cha Saba, amevaa barakoa ya hewa, simu imeunganishwa na kidude cha sikioni. Shimo lilikuwa na ngazi kumi na saba za chuma, na chini yake taa moja iliyokuwa ikiwaka bila kutikisika. Kipima gesi alikizima. Kelele yake ilikuwa inamtia wazimu, na kilichotaka kusema alishakijua.

"Nauamsha," alisema Chivatsi, na sauti yake ikaondoka.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha mwanamume akahema karibu kabisa na sikio lake.

"Mbwa amelala. Nimemwita, haamki. Kituo, mko wapi?"

Subilaga alifungua kinywa. Kabla hajatamka neno, sauti nyingine ilimtangulia, nyembamba, ya msichana anayejikaza asilie.

"Wako njiani, kaka. Dakika ishirini."

Alikuwa hajawahi kujua kwamba alisikika hivyo wakati ule. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, wiki ya tatu kazini, kofia kichwani, na mkubwa wake amesimama nyuma ya kiti chake.

"Una hakika?" aliuliza Ambakisye.

"Nina hakika. Gari limeshatoka."

"Basi nashuka. Nimeshajua pa kuanzia."

Ilitosha kuuliza tu: unaanza na ipi, kaka? Maneno manne. Angejibu kwa pumzi moja, angekuwa bado katika dakika yake, na watu mia sita wangelala majumbani mwao. Asingejua kitu. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Subilaga. Upande wa pili wa simu, mbali, kulikuwa na mtu mwingine anayepumua, na mlio wa kwato za ndama juu ya mawe.

Kama angedanganywa tena, nani angemwambia? Hakuna. Ndivyo ilivyokuwa na mara ya kwanza.

"Kaka Ambakisye," alisema ndani ya barakoa. "Kabla hujashuka. Leo ni tarehe kumi na tisa Mei. Tangu uandike hayo imepita miaka kumi na minne."

Kuhema kukakoma.

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa zamu. Niko juu ya Kisima cha Saba. Kinapumua tena, na zahanati ina wagonjwa wasioweza kutembea."

"Nilirudi?"

Subilaga akashika chuma cha ngazi. "Ulikifunga. Kijiji kizima kilipona. Lakini wewe hukurudi."

"Gari je?"

"Halikutoka. Dereva hakuwapo. Aliyekuandikia alikuwa analijua hilo. Aliambiwa aandike hivyo ili ushuke, naye akaandika." Alivuta hewa ya mtungi. "Ni mimi. Naitwa Subilaga Mwaisaka. Sauti hiyo uliyoisikia sasa hivi ni yangu."

Hakuna aliyejibu. Msichana alinyamaza. Ambakisye alinyamaza. Hata kule mlimani pumzi ilikatika, na kwato za ndama nazo. Subilaga alitazama juu: ukungu uliokuwa ukipita juu ya shimo ulianza kwenda polepole. Upepo ulikuwa unachoka mapema.

Watano kati ya wanane hawakusema tena. Alingoja dakika moja. Akangoja ya pili. Mshale wa mtungi ulisogea.

"Nashuka," alisema hatimaye, kwa sababu hakujua la kufanya ila kuendelea kusema kweli. "Niko ngazi ya tano. Naogopa sana, kaka. Niko ngazi ya kumi."

Chini palikuwa na joto. Bomba lilikuwa linatetemeka, na mtetemo wake ulipita kwenye nyayo hadi kwenye magego. Vali zilikuwa mbele yake, magurudumu mawili ya chuma, moja kubwa, moja dogo.

"Nimefika. Sijui nianze na ipi. Nimeshika ya kuu."

Alianza kuikaza. Ilikuwa ngumu.

"Toa mkono," alisema Ambakisye.

Aliutoa kama aliyeungua.

"Usiifunge ya kuu kwanza, utalipasua bomba. Fungua ya kando. Nusu mzunguko. Gesi ipande lile bomba refu, itokee juu ya kilima, upepo uichukue." Alisema kwa haraka, sauti imekauka. "Umefungua?"

"Nimefungua."

"Juu ya kichwa chako kuna geji. Inasoma ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Ngoja ishuke hadi kumi. Usiguse chochote. Na usikae chini, hata miguu ikichoka namna gani."

Akangoja. Geji ilishuka kama mtu asiyetaka kuondoka. Thelathini na nane. Thelathini na tano.

"Kungoja huku ndiko kulikohitaji mitungi," alisema Ambakisye baada ya muda. Hakuwa anagomba, ilikuwa sauti ya fundi anayemweleza mwenzake. "Nilipiga hesabu. Nikasema nitaanza bila hewa, watanikuta katikati. Dakika ishirini ningeweza kuzistahimili nikisimama juu ya ngazi na kushuka kidogo kidogo. Zaidi ya hapo, nilijua siwezi."

Subilaga alilia ndani ya barakoa, na kioo kikaingia ukungu, akalazimika kuinamisha kichwa ili aione geji.

"Usilie. Unamaliza hewa. Tumwitike alijifungua?"

"Alijifungua mtoto wa kike. Anaitwa Lugano. Nimemwona leo akipanda na wenzake wa shule, amebeba ndoo ya vitabu."

"Vitabu," alisema Ambakisye. Kisha akasema, "Nasikia kifua kinabana. Sioni kisima, sioni chochote, lakini kinabana vilevile. Niambie unachokiona. Nitajie chochote kile."

Akamtajia. Ngazi zimepakwa rangi ya njano siku hizi. Kuna chura mfu kwenye kona. Taa ni moja. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Mtungi ulianza kupiga mluzi, ishara kwamba zimebaki dakika sita, na geji ilikuwa kumi na tano.

"Naweza kuifunga sasa?"

"Hapana."

"Nina dakika sita."

"Hadi kumi, Subilaga. Sio kumi na tatu. Wale wa zahanati wamelala sakafuni."

Kumi na tatu. Kumi na moja. Macho yake yalianza kuona vidoa vyeupe. Alipoona mshale umekaa juu ya kumi, alilikamata gurudumu kubwa kwa mikono miwili, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Lilizunguka. Mtetemo ukapungua chini ya nyayo, ukawa kama mnong'ono, ukaisha. Akaifunga ya kando. Alipanda ngazi bila kuzihesabu, akaangukia tumbo juu ya mwinuko, akang'oa barakoa, na upepo mdogo uliokuwa umebaki ukampiga usoni.

Sikioni mwake mwanamke alikuwa anazungumza kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, na mwanamume anajibu. Chivatsi alikuwa amemfungulia Tumwitike njia ya kusema. Subilaga alikitoa kile kidude sikioni, akakifumbata mkononi hadi alipofika mlimani kwa watu.

*

Tumwitike alikuwa ameketi juu ya gunia, kando ya njia, mgongo ameupa umati. Aliweka simu yake juu ya goti, sauti imefunguliwa. Alimtazama Subilaga machoni, muda mrefu, kama alivyosema angefanya, na Subilaga hakuyakwepesha.

"Kila Jumamosi," alisema Tumwitike.

"Ndiyo, mama."

"Ukanywa maziwa yangu."

"Ndiyo."

Tumwitike alisukuma simu mbele kidogo. "Anakutaka wewe. Adabu yao ni kwamba aliyeamsha ndiye anayefunga."

"Fundi," alisema Ambakisye. Alikuwa anahema tena, vilevile kama mwanzo. "Nimeongea na mke wangu. Nimemsikia mwanangu. Sasa nifungeni, hofu inanirudia na siwezi kuizuia. Lakini kwanza andika mwisho wa uzi. Andika namna ya kukifunga, hatua kwa hatua, hata mjinga aelewe. Asipatikane tena mtu mwenye sababu ya kuniamsha."

Subilaga aliandika. Fungua ya kando kwanza, nusu mzunguko. Ngoja geji ishuke hadi kumi, usikae chini, ndipo ufunge ya kuu, kisha ya kando. Mtu asishuke bila mtungi, na asiambiwe mtungi uko njiani ikiwa haujatoka. Akamsomea. Ambakisye akamsahihisha mahali pamoja: ni nusu mzunguko kuelekea kushoto.

"Weka jina lako," alisema Tumwitike. "Lako halisi. Na lile la uongo uliweke kando yake."

Akaweka yote mawili.

"Tayari," alisema Ambakisye. "Upesi, tafadhali."

Kidole cha Subilaga kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe aliposikia ile sauti nyembamba, ambayo haikusema kitu tangu shimoni.

"Dada? Lile gari, baadaye lilitoka?"

Tumwitike aligeuza uso. Subilaga alitaka kusema ndiyo. Msichana alikuwa anaogopa sana, na lingekuwa neno dogo tu, naye angelala mara moja akiwa ameliamini.

"Halikutoka," alisema.

"Na kaka anajua?"

"Anajua. Nimemwambia."

Subilaga alimsikia msichana akivuta pumzi ndefu, ndipo akaufunga uzi.